Safu ya Tatu

Aprili, Chiromo. Mvua imetuweka tangu Jumatatu,
kwa sababu mwale huu, na ujanja wake wote,
haupenyi maji.
Hata pumzi yangu ni ukungu mbele yake.
Tumeziba madirisha kwa utepe,
tumewasha mashine ya kukausha hewa,
inakoroma kama bawabu wa zamu ya usiku,
nasi tunangoja.

Ubao umelala chali mezani,
plaiwudi, futi tatu kwa mbili.
"Kariokor, 1974."
Wanawake wanne wanasuka vyondo,
jua lina rangi ya papai lililoiva kupita kiasi,
na pembeni, kwa herufi nene, NZIOKA.

Hatuugusi.
Zamani wangechokoa rangi kwa ncha ya kisu,
kidogo tu, wangesema, kama ukucha wa mtoto mchanga,
na picha ingerudi ukutani na kovu lake.
Sisi tunabisha hodi.
Terahezi, wimbi lisilo redio wala joto la kiganja,
lakini jirani wa yote mawili:
linagonga vanishi, mwangwi unarudi;
linashuka kwenye rangi, unarudi umechelewa,
na uchelewaji huo ndio tunaousoma,
kama mtu anayedondosha kokoto kisimani
na kutega sikio.

Nukta baada ya nukta. Saa sita kwa ubao mmoja.
Muthengi ameenda kununua mandazi, amerudi,
amekula na yangu.

Chini kabisa, kwenye safu ya nne, tukaona KINYO,
halafu nusu ya Z.
Ulikuwa ubao wa kinyozi! Tulicheka.
Kisha tukapanda ngazi moja,
kicheko kikatuishia.

Penseli. Juu ya chokaa nyeupe, chini ya rangi,
wanawake wanne wamekamilika hadi kwenye kucha,
hadi kwenye uzi uliobanwa kati ya meno.
Na vivuli vyao, mistari myembamba mia kwa mia,
yote imeinama kutoka kushoto juu kwenda kulia chini,
kama mvua inayosukumwa na upepo wa Ngong.
Brashi iliyopita juu yake
imelalia upande wa pili.

Alhamisi akaja mjane wake, Bi Syombua,
mfuko wa plastiki kichwani, kitambulisho mkononi.
Akatia sahihi kwenye daftari la wageni
kwa mkono wa kushoto.
Sikusema kitu. Niligeuza kioo kimwelekee.

Alikitazama kwa muda mrefu.
"Mwalimu alikuwa akinichapa vidole hivi kwa rula,"
akasema, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza hilo,
"mpaka darasa la nne.
Ati huo si mkono wa kushikia kitu cha maana."
Kisha, "Mimi nilikuwa na penseli ya kuandikia madeni ya duka.
Yeye alikuwa na makopo ya rangi.
Usiku nachora, asubuhi anapaka.
Mnunuzi alitaka jina. Nafasi ilikuwa ndogo."

Muthengi, ambaye hajui kunyamaza,
akamweleza kwamba ziko njia,
kwamba rangi ya juu ikitaka kuondolewa, taratibu, kwa pamba...
"Usithubutu kukwangua," akamkata.
"Hilo papai ni lake. Nilijaribu kulichanganya
miaka yote tangu afe. Linatoka chungwa."

Akainama karibu zaidi na ubao, karibu mno,
na kwenye kioo mstari wa mwangwi ukatetemeka, ukafifia.
Pumzi, au kitu kingine chenye maji.
Sikumwambia asogee.

Jioni nilijaza ripoti.
Safu ya kwanza, vanishi, ina nyufa. Safu ya pili, rangi ya nyumba.
Safu ya tatu, penseli, mkono wa kushoto.
Kwenye kisanduku cha msanii
kulikuwa na nafasi ya jina moja.
Niliandika mpaka nikatoka nje ya mstari,
nikafika ukingoni mwa karatasi,
nikaendelea upande wa nyuma.